Siku Feni Kubwa Ilipopunguza Mwendo

Kiwanda cha unga ninachofanyia kazi kipo Temeke, na kabla sijashika waya hata mmoja pale nilifundishwa kupiga kelele. Nilikuwa fundi umeme mpya, mwanamke peke yangu kwenye karakana. Ukumbi wa mashine ulikuwa na feni kubwa ya kuvuta vumbi la mahindi, na feni ile ilinguruma tangu tunapowasha asubuhi mpaka tunapozima jioni. Ukitaka bisibisi, unapiga kelele. Ukitaka chumvi wakati wa chakula cha mchana, unapiga kelele, maana kantini ilipakana ukuta na feni. Wengine tuliziba masikio kwa pamba, basi tukawa tunapiga kelele zaidi.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Newala aliyeshona mifuko sehemu ya kufungashia. Urafiki wetu ulikuwa wa mikono na macho. Akishika tumbo, nilijua njaa. Akivuta sikio, nilijua msimamizi anakuja. Siku mtoto wake alipofaulu mtihani alicheza mbele ya cherehani yake, mabega yanapanda na kushuka, nami nikacheza naye bila kujua tunasherehekea nini. Jioni kila mtu alikimbilia gari lake, yeye Mbagala, mimi Ukonga.

Halafu bosi akanipeleka kwenye mafunzo mafupi ya mafundi, na huko nikaona kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota. Sisi mafundi tunakiita draivu. Nilirudi na kichwa kimejaa. Feni yetu ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote muda wote, hata siku kazi ni ndogo. Hewa ikizidi, tulikuwa tunaizuia kwa bamba la chuma ndani ya bomba. Nikaenda ofisini kwa bosi, mwenye kiwanda mwenyewe.

“Bosi, feni yetu ni kama dereva aliyekanyaga mafuta mpaka chini, halafu anapunguza mwendo kwa breki.”

Bosi anakaa Goba, na kila asubuhi anateremka na gari vile vilima. Mambo ya breki anayaelewa. Akaweka kalamu chini.

“Na hicho kifaa chako kinafanyaje?”

“Kinaipa mota mwendo unaotosha kazi iliyopo. Tena feni ina tabia nzuri, ukiipunguza mwendo kidogo tu, umeme inaokula unapungua sana.”

“Umeongea na fundi mkuu?”

Nilikuwa bado. Fundi mkuu alikuwa mzee aliyeifunga feni ile kwa mikono yake kabla mimi sijajua umeme ni nini. Nilipomweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Binti, mie feni hii naijua kwa sikio. Isiponguruma, haivuti.”

Hata hivyo bosi alipoagiza draivu, mzee hakususa. Jumapili, kiwanda kimelala, tuliifunga pamoja. Yeye alivuta nyaya na kukaza nati, mimi nikaweka mipangilio. Bamba la chuma tukaliacha wazi kabisa.

Jumatatu asubuhi nikawasha. Zamani feni ikiwashwa, taa zilififia na sakafu ilitetemeka. Safari hii ilianza taratibu kama mtu anayeamka akiwa ameshiba usingizi, ikapanda mwendo kidogo kidogo, ikatulia kwenye mvumo wa chini. Basi.

Kina mama wa kufungashia wakagoma kuingia. Walisimama mlangoni na vitambaa vyao puani, wakidhani feni imekufa. Fundi mkuu akaja mbio. Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia.

“Zima mashine! Haivuti hii, vumbi litatuua!”

“Shikamoo mzee. Subiri kidogo, tafadhali.”

Nami nilikuwa najiuliza, je, kama sikio lake ndilo lenye haki? Nikaokota mfuko mtupu, nikausogeza kwenye mdomo wa bomba. Ukanichomoka mkononi, ukajibandika kwenye wavu, paa! Mzee akaubandua. Alipouachia tu, ukarudi pale pale. Akachota pumba kiganjani akazirusha juu. Bomba likazimeza zote. Akachota tena, akarusha, kisha tena, na mara ya mwisho hakuwa anajaribu kitu, alikuwa anacheza. Akaanza kucheka, ndevu zake zimejaa pumba.

“Miaka yote hii,” alisema, “kumbe feni ilikuwa inatupigia kelele za bure!”

Mchana, vinu vyote viwili vilipowashwa, mzee huyo huyo aliniita akanionyesha vumbi jembamba lililoanza kuelea juu ya cherehani. Aliliona kabla yangu. Nikapandisha mwendo, yeye akisimama chini ya mwanga wa dirisha akinielekeza kwa kidole: ongeza, ongeza, hapo hapo. Mwendo tuliokubaliana siku ile ndio ukawa wetu wa kazi kubwa, na ule wa asubuhi tukauweka kwa kazi ndogo.

Baada ya hapo ndipo rafiki yangu aliponiita. Aliniita kwa jina, kwa sauti laini nisiyoijua, na jina lenyewe halikuwa langu.

“Unamwita nani?” nikamuuliza.

“Wewe!”

“Mimi siitwi hivyo.”

Akashika mdomo. Siku yangu ya kwanza alilisikia jina langu vibaya, na tangu siku hiyo nilikuwa namwona akitamka kitu, naitikia. Hata nyumbani kwake watoto walinijua kwa jina hilo. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye mifuko. Msimamizi alikuja kuuliza kuna nini, na hakuna aliyekumbuka kuvuta sikio. Hadi leo ananiita kwa jina lile la makosa, nami silikatai.

Bili ya umeme ilipofika, bosi alishuka ngazi mwenyewe akiwa ameishika juu kama kombe la mpira. Akaagiza draivu nyingine mbili, ya pampu ya maji na ya kompresa ya hewa. Fundi mkuu ndiye aliyedai zifungwe haraka, akisema pampu nayo ni mlafi.

Ila mwili wangu ulichelewa kupata habari. Wiki za mwanzo nilikuwa bado naropoka kwa nguvu ndani ya ukumbi uliotulia, watu wanageuka. Taratibu sauti ikashuka. Mume wangu alikuwa wa kwanza kuligundua hilo, akasema sasa redio inasikika nyumbani. Kisha tukaenda Chanika kumsalimia mama yake.

Nilimkuta akimenya mihogo barazani.

“Shikamoo mama.”

Hakuitikia. Nikarudia. Aliinua uso, akanitazama sana, akamshika mwanawe mkono wakaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia vizuri sana kutoka huko: “Umemfanya nini mkwe wangu? Midomo inacheza, sauti hakuna! Mmegombana?”

Mume wangu alirudi akicheka hana nguvu. Nikakaa karibu na mama, nikamweleza habari za feni, mota na draivu, nikijivuna kwa sauti yangu mpya ya kistaarabu. Alisikiliza akinitazama midomo. Nilipomaliza, akanishika goti.

“Mwanangu, hongera kwa kazi. Lakini mie masikio yangu yamechoka siku nyingi. Hawa wengine wote wananong’onaga tu. Wewe ndiye niliyekuwa nakusikia.”

Sikujua nicheke au nilie. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, kama siku zile za chumvi ya kantini, nikaanza upya: “SHIKAMOO MAMA!”

“Marahabaaa!” akaitikia, kisu kikamdondoka kwa furaha.

Nikamsimulia yote tena, feni, pumba ndevuni mwa mzee, jina la makosa, kwa sauti yangu yote. Jirani wa kwanza alitokeza kuuliza kama kuna ugomvi. Mama akamwita aje akae, mkwe wake anaeleza mambo ya umeme. Wakaja wengine. Mihogo ikaiva, tukala, na kila nilipotaka kumaliza mama alinipigapiga goti na kusema, “Rudia hapo pa mfuko.”