Bia Waliyomletea Nella

Mlinzi wa ofisi ya bima, pembezoni mwa mtaa wa Asiatique, alikuwa ameshaacha kumuuliza Nella anamtaka nani. Alimfungulia mlango tu. Nella akapita, chaki ya darasani ingali kwenye mkono wa gauni lake, akaketi mbele ya Valéry, karani wa bima, bila kukaribishwa.

Juma zima alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya Kigobe. Jumapili, baada ya misa, alivaa mtungi wa hewa mgongoni, akauma kipumulio, akazama Ziwa Tanganyika kwenye miamba ya kusini, njia ya Rumonge. Huko chini hakumfundisha mtu na hakuna aliyemwita. Alielea kando ya jiwe akitazama visamaki vya mistari vikilinda mayai yao, vidogo kama kidole na vikali kama akina mama wa sokoni. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake.

Sasa klabu yao ya kuzamia ilikuwa imemfungia maji. Mwaka uliopita mwenzao Régis alipanda juu haraka kuliko mwili unavyoruhusu. Mapovu ya gesi yakajaa kwenye damu, mguu ukapooza, na ikabidi asafirishwe hadi nchi yenye chemba ya kuwatibu wazamiaji. Ndugu zake waliuza kiwanja cha Kinanira. Tangu hapo mzee Herménégilde, mkuu wa klabu, alikata shauri: asiye na bima ya kuzamia haingii majini. Wengine wote walikuwa wameshaipata. Alibaki Nella.

"Mwalimu," Valéry alisema, akipanga kalamu zake, "direction, wale wakubwa wetu, imejibu. Ni apana tena."

"Sababu?"

"We hauko unazama kwa starehe. Kuzama ni kazi yako. Kazi iko na contrat yake ingine."

"Kazi yangu ni kufundisha."

Valéry akamgeuzia simu. Nella hakuhitaji kuitazama sana ile picha. Ni yeye mwenyewe, magoti mchangani, maji yakimchuruzika, na kando yake kitu kilichofunikwa kwa kitenge. Picha hiyo ilizunguka mji mzima, na wanafunzi wake wakawa wanamwita Mama Wafu akigeuka ubaoni.

Aliyefunikwa kitenge alikuwa Destin, kijana wa watu wa Uvira waliopanga jirani na kwao. Alikwenda kuogelea, hakurudi. Mama yake, Béatrice, alishinda ufukweni, kisha akaja kupiga hodi kwa Nella, maana kila mtu alimwelekeza huko. Hakulia. Alisema tu, "Mama, unipatie mutoto wangu nimuzike." Nani angemjibu kwamba yeye huzama kwa ajili ya kutazama samaki? Nella akashuka, akamtoa.

"Ile haikukuwa kazi," Nella alisema. "Mi sikulipwa."

"Ulilipwa." Valéry hakuinua macho. "Walikuletea kreti ya bia. Kwa direction, kitu wakikupatia juu ya service, ni malipo."

Hapo damu ya Nella ilichemka. Wakubwa wa huko juu wangeweza kuwa na sheria zao. Lakini huyu alizaliwa hapa hapa. Alijua kwamba anayekuja kushukuru haji mikono mitupu, na kwamba kukikataa kinywaji chake ni kumbebesha mfiwa mzigo mwingine. Alijua pia kwamba kreti ile haikuwa ya mtu mmoja. Ilifunguliwa palepale uani, kila aliyekuwepo akapewa chupa, wakakaa na Béatrice mpaka akaweza kulitaja jina la mwanawe.

"Nani aliwaambia habari ya kreti?" aliuliza polepole. "Ku picha haiko."

Valéry akazipanga kalamu upya.

"Valéry."

"Mi nilikuwa pale, mwalimu. Ile kijana alikuwa anaimba na mudogo wangu ku chorale. Direction wakaniuliza kama nakujua. Nikasema vile niliona."

"Na ulikunywa?"

"Kila mutu alikunywa."

"Chupa ngapi?"

"Mbili."

"Mi nilikunywa moja. Basi na we ni mutoa maiti, tena ulilipwa kunipita."

Karani wa meza ya pili akakohoa ili asicheke.

"Usikasirike, dada," Valéry alisema.

"Leo mi si dada yako. Nilikuwa dada siku ya bia."

Valéry akainama mezani, sauti chini. "Njia iko. Uandike kwamba hautatoa tena maiti, hata siku moja. Nakupatia bima sasa hivi, Jumapili unazama."

Nella akaichukua kalamu. Aliyaona yale mawe na vile visamaki, na mkono ukaanza kwenda wenyewe. Kisha akamwona mama mwingine amesimama mlangoni kwake, na yeye akimwambia: samahani, nimetia sahihi. Akaitupa kalamu mezani.

"Sitaandika hiyo. Nitaandika kwamba siku nikiitwa, nashuka bila nyinyi. Nikipooza, nikikufa, hamutoi kitu. Mubebe samaki. Wafu muniachie."

Valéry akaingia kwa mkurugenzi, akakaa huko kitambo, akarudi na karatasi yenye muhuri. "Wamekubali. Wamefurahi hata."

"Watakosaje kufurahi?" Nella akaikunja karatasi. Mlangoni akageuka. "Siku mutu wenu atazama, mupigie direction simu."

Jumapili mzee Herménégilde aliisoma bima, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, wakashuka. Visamaki vilikuwepo, vikali vilevile. Lakini hasira ilishuka pamoja na Nella. Alivuta hewa kama mtu anayekimbia, na mtungi wake ukakaribia kwisha wakati wenzake wangali na nusu. Akapanda taratibu, akijishikilia kwenye kamba mpaka mwili utulie, huku bado akimjibu Valéry kichwani.

Ufukweni mzee alimfungulia bia. "Umekula hewa yote, binti. Ulikuwa unapigana na nani huko chini?"

Nella akaishika ile chupa, akaitazama. "Mzee, hii si malipo?"

"Malipo ya nini?"

"Basi."

Akanywa. Kisha akaitoa simu kwenye mfuko, akapandisha sauti yake, akaiweka juu ya mapezi yake ya kuzamia ili ikiita aisikie.