Chini ya Sinki la Shaila

Shaila ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Bafu lake na langu hupumua kwa kitundu kimoja cha hewa, kwa hiyo mnisamehe nikijua mengi. Tangu aletwe bibi harusi katika mtaa wetu hapa Satara, India, sijawahi kumwona ameketi mchana. Akimaliza mikate ya mtama kuna nguo, akimaliza nguo kuna mama mkwe.

Huyo mama mkwe, Vatsalabai, aliteleza bafuni wakati wa mvua akavunjika nyonga. Shaila alikuwa amepanga foleni kwenye duka la mgao wa serikali, na bibi wa watu akalala chali pale sakafuni asubuhi nzima, kichwa chini ya sinki. Alipofikishwa hospitali, kila aliyekwenda kumjulia hali alisimuliwa habari moja tu, wala haikuwa ya maumivu.

"Nimeona chini ya lile sinki mambo ambayo sijayaona tangu nizaliwe! Ukungu mweusi, utando wa buibui, sabuni imeganda kama nta. Ndiyo usafi wa mkamwana wangu huo. Mimi kule sirudi!"

Maneno yakafika hadi mji wa Pune kwa Nalini, mke wa mwana mkubwa, naye akaahidi kuja na gari kumchukua siku ya kutoka hospitali. Kwetu, mama mkwe akikuhama kwa sababu ya uchafu, hakuna atakayekuita tena kusaidia jikoni kwenye harusi yake. Watakukaribisha, watakupa kiti, watakwambia pumzika. Kwa mwanamke wa hapa, hicho kiti ni matusi.

Prabhakar, mume wa Shaila, akaita mafundi. Choo cha kuchuchumaa kikang'olewa, kikawekwa cha kukalia kwa ajili ya ile nyonga. Kisha akaja Bhiku, fundi rangi, akapaka kuta zote rangi ya maziwa, vizuri kabisa, mpaka alipofika nyuma ya tangi la choo na chini ya sinki. Hapo akaweka brashi chini.

"Dada, hapa kuna ukungu. Nikipaka rangi juu yake, kesho utakuchungulia tena. Kwanza pasafishwe."

"Si upasafishe basi!"

"Mimi? Nyuma ya choo?" Bhiku alirudi nyuma kana kwamba ametukanwa. "Babu yangu hakugusa, baba yangu hakugusa. Mwite Rakhma."

Rakhma, anayesafisha vyoo vya mtaa mzima, akaja, akachungulia, akacheka cheko lisilo na furaha.

"Choo ni changu, sakafu ni yangu. Ukuta wa Bhiku. Kazi mlitugawia wenyewe kwa matabaka, leo mnataka kuzichanganya?"

Nilimkasirikia, ingawa alisema kweli. Basi sehemu ile, upana wa kiganja tu, ikawa haina mwenyewe. Na nyumbani, kisicho na mwenyewe ni cha mkamwana.

"Kwani nani atalala chini kuangalia huko?" Prabhakar aliuliza, uso nyuma ya gazeti.

"Mama yako ameshalala," Shaila akamjibu.

Akafunga mswaki mkuukuu kwenye fimbo ya mwanzi, akauchovya kwenye dawa ya kuondoa madoa, akajipenyeza ubavu kati ya choo na ukuta. Maji meusi yakamchuruzika mpaka kwapani. Palipokauka, mkono ukakataa kupita nyuma ya bomba, akaivika rula soksi ya mumewe, akaichovya rangi, akapaka kwa kupapasa. Ili aone anachopaka, alishika kwa mkono wa pili kile kioo chake kidogo anachotumia kupakia kidoa chekundu cha paji la uso. Dawa ilinikereketa koo hata mimi niliyekuwa upande wa pili.

"We Shaila, pumzika kidogo!" nilimwita kupitia kitunduni.

"Nikipumzika siinuki tena."

"Basi nije nikusaidie?"

"Hapa hapaingii wawili, mwenzangu. Hata mmoja hapaingii."

Na kusema kweli, nilishukuru. Msiniambie habari za upendo wa mkamwana. Mwenzangu alikuwa na hofu, na alikuwa amechoka hata nguvu za kuogopa zilikuwa zikimwishia.

Siku ya siku, gari la Nalini likasimama mlangoni likitoka hospitali, begi la Vatsalabai liko ndani yake tayari kwa safari ya Pune. Bibi akashuka na gongo lake la miguu minne, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja bafuni, Shaila nyuma yake. Nalini naye akataka kuingia. Akafungiwa mlango usoni. Mimi nami, sitawaficha, nikakimbilia kwenye kitundu changu.

Vatsalabai aliketi juu ya mfuniko wa choo kipya. "Chini ya sinki," akasema. "Nionyeshe. Mimi kuinama ndio basi tena."

Shaila akapiga magoti, akapitisha kioo chini ya sinki. Bibi akakitazama. Mkono wa Shaila ulikuwa hauna nguvu ya kushika hata kijiko, kioo kikapinduka, kikamwonyesha bibi uso wa mkamwana wake.

"Nywele zako zimekuwa nyeupe," Vatsalabai akasema.

"Ni rangi tu, Mama. Ya ukutani."

Bibi akalowesha kidole gumba kwa mate, akamsugua juu ya sikio. Akasugua tena.

"Hii haitoki, Shaila."

Nikasikia mlango ukifunguliwa. "Nalini! Litoe begi langu garini."

Niliharakisha kwenda kuona, lakini hadi nazunguka kufika kwao, begi lilikuwa limeshaingizwa ndani. Nikamkuta Shaila sakafuni jikoni, amelalia mkono wake wenye rangi, usingizi umemchukua mchana kweupe, vyombo havijaoshwa, wageni waliokuja kumpokea bibi wamejaa sebuleni. Nalini alikuwa amemwinamia, akimtikisa bega ainuke awapikie watu chai.

"Mwache," Vatsalabai akasema kutoka mlangoni. "Pika wewe."