Alama Mbili za Chaki

Siku daktari alipowaambia kuwa kile kidonda ni saratani ya mashavu ya uke, mume wa Fundi aligeuka kwanza kutazama kama mlango umefungwa. Alikuwa mstaafu wa maktaba. Miaka thelathini na moja alilipwa mshahara kwa kuwanyamazisha watu, na kazi hiyo haikuwa imemtoka mwilini. Njiani akaamua, bila kumwuliza mwenye mwili, kwamba wakiulizwa waseme ni goti.

"Goti gani?" akauliza Fundi.

"Lolote. La kulia."

Basi Fundi, mwanamke wa miaka sitini na mbili, aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga tangu hajaolewa, akaanza kuchechemea mbele za watu. Upuuzi ule ulimtia haya kuliko ugonjwa wenyewe. Majirani wakamiminika na dawa za goti. Muuza mkaa wa nyumba ya pili, mjane mpole, alileta mafuta kila wiki na kumchua kwa mikono yake. Mara mbili alichua goti la kushoto, maana mgonjwa alikuwa amesahau ni lipi.

Huko hospitali walimpima kila kitu isipokuwa goti. Damu, mkojo, presha, figo, eksirei ya kifua, na kipimo cha moyo chenye nyaya zilizomfanya ajione redio. Walimtikisa hata meno, asije akameza moja akiwa kwenye usingizi wa dawa. Kila chumba kilimpongeza. "Mama, una moyo wa msichana!" Ilimshangaza kwamba lazima mtu athibitishe yu mzima wa afya ndipo akubaliwe kukatwa. Mume alirudi mtaani akitangaza kuwa mapafu ya mkewe ni safi kabisa, wala hakuna aliyeuliza mapafu yanahusiana vipi na goti.

Hofu ya Fundi ilikuwa moja tu. Daktari wake, mwanamke kijana asiyezungusha maneno, alimweleza kuwa saratani ya huko ikianza kutembea hupita kwanza kwenye tezi za kinenani, zile zile zinazovimba mtu akipata mtoki.

"Zikiwa safi natoa moja tu, ile iliyokaa mlangoni. Tunadunga rangi ya buluu, inaikimbilia, naiona. Zikiwa na ugonjwa natoa zote za upande huo, na mguu unaweza kuvimba maisha."

"Nitakanyaga cherehani?"

"Sijui, mama. Tupime kwanza."

Jibu lile likamkaa kifuani. Habari ya kufa alikuwa amekwisha kuiwaza. Habari ya kuishi bila kukanyaga hakuwahi kuiwaza hata siku moja.

Kwenye altrasaundi mpimaji alisoma fomu: uvimbe, kinena cha kulia. Akapima kulia, akaona tezi iliyonenepa, akachora msalaba mdogo wa wino juu ya ngozi. Mashine ilikuwa jengo hili, daktari wa sindano ya kunyonya chembe za tezi alikuwa jengo lile, tena kesho yake, kwa hiyo msalaba ndio ungemwonyesha mahali pa kuchoma. Mpimaji hakumwambia Fundi neno. Aliona ni jambo linalojulikana.

Sasa, Fundi hakuwahi kumkabidhi mteja nguo yenye alama. Asubuhi akiwa bafuni aliuona ule msalaba, akausugua kwa sabuni ya kufulia na dodoki hadi ukatoka wote. Alipokuwa akijifuta maji ndipo akili ikamrudi: nguo hii bado haijakatwa.

Akashikwa na kiwewe. Akachukua chaki ya buluu, akasimama mbele ya kioo, akaurudisha msalaba pale alipoukumbuka. Akautazama. Ukamkera. Toka lini suruali ikawekwa alama mguu mmoja? Akapima kwa futi kutoka kitovuni, akachora wa pili kushoto, sawa kwa sawa, na mazoea yakamfanya azungushie yote miwili mistari ya nukta.

Daktari wa sindano alipofunua shuka alikwenda kumwita yule daktari wa kike asiyezungusha maneno.

"Nani kakuchora hivi?" akauliza daktari wa kike.

"Mimi mwenyewe."

"Na hizi nukta?"

"Nafasi ya mshono. Nusu inchi."

Daktari akacheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu kicheko kikamkauka. Akampigia simu mpimaji: kushoto walipima? Hawakupima. Fomu ilisema kulia. "Kidonda kiko katikati!" akafoka. "Pande zote mbili zinapimwa!"

Fundi akarudishwa kwenye mashine, kisha kwenye sindano, kulia na kushoto. Majibu yalipotoka, tezi ya kulia ilikuwa imevimba tu kwa sababu ya uchafu wa kidonda. Ya kushoto, ndogo, iliyokaa karibu na ule msalaba wa kusawazisha, ndiyo iliyokuwa na saratani. Fundi alilia pale pale kwenye benchi, na mumewe akasahau kumnyamazisha.

Akapasuliwa. Kushoto zilitoka tezi zote. Kulia ilitoka ile moja ya mlangoni, nayo ilikuwa safi. Miezi mitatu baadaye alikuwa kibarazani kwake, mguu wa kushoto umejaa ndani ya soksi ya kubana, wa kulia ukikanyaga peke yake. Cherehani ilikwenda kwa kusuasua, lakini ilikwenda. Sasa alichechemea kikweli.

Muuza mkaa akaja na chupa yake. "Pole na goti, dada yangu."

Mume akafungua mdomo. Fundi akawahi kulisimamisha gurudumu.

"Si goti. Halijawahi kuwa goti. Ni saratani ya mashavu ya uke. Nimekatwa, na tezi za hapa zimetolewa."

Mjane akaiweka chupa chini taratibu. "Ilianzaje?"

"Muwasho. Halafu kidonda kisichopona."

"Changu kina miezi minane," akasema yule mjane. "Watoto nimewaambia ni mgongo."

Mzee wa maktaba akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

"Twende sasa hivi," akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Mapokezi wanafunga saa tisa!"

Fundi alimshika mjane mkono, akakawia kuuachia.

"Na wakikuchora alama," akamwambia, "usiifute."