Shoka Nililolilaza Ziwani

Nilitumia asubuhi tatu kuchagua shoka moja, na asubuhi ya tatu mwuzaji akachoka nami. Ni mwanamke wa makamo anayevusha vyuma kutoka Goma kupitia kivuko cha mpakani cha Petite Barrière: majembe, mapanga, vichwa vya shoka visivyo na mpini, vyote amevipanga juu ya turubai pembeni mwa soko. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake, nikiinua kichwa kimoja baada ya kingine hadi usawa wa jicho na kuchungulia kama mtu anayetazama ndani ya chupa.

"Muzee," akasema, "we unanunua shoka ao unaioa?"

"Naposa kwanza."

"Basi ongea na mi, mi njo mama yake. Siku tatu unamushika-shika mutoto, hauseme neno!"

Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka, lakini sikufanya haraka. Shoka lile halikuwa langu. Lilikuwa la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeishi juu kule Bugeshi. Alikuwa amenipigia simu kusema kwamba la kwake limepasuka tundu, na mkaratusi ulio nyuma ya zizi umeanza kulalia ng'ombe wake. "Ninunulie shoka, muramu," alisema. Muramu ni shemeji kwa Kinyarwanda, na hajawahi kuniita kitu kingine. "Mi sishuke tena soko na huu muguu."

Aliutaja mguu kama mtu anavyotaja mvua. Mimi ndiye niliyeuvunja. Na kwa miaka ishirini na kitu nilimwacha aamini kwamba kosa lilikuwa lake.

Kwa hiyo sikutaka shoka la kawaida. Kwanza nilitazama tundu. Ukiweka jicho nyuma ya kichwa cha shoka na kuangalia kupitia tundu kuelekea makali, mstari wa makali unapaswa kuligawa tundu katikati. Vichwa vingi vya siku hizi, vilivyopakwa rangi nyekundu ya kupendeza, vimepinda. Mwenye kulitumia atalaumu mkono wake kila siku na kumbe chuma ndicho kilichozaliwa kikiangalia pembeni. Kisha nilivitundika kwenye uzi kimoja kimoja na kuvigonga kwa msumari. Chuma kizima kinalia na sauti inabaki hewani. Chenye ufa kinajibu kama chungu kilichovunjika. Mwisho nilitoa tupa ndogo mfukoni na kuipitisha kwenye makali. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitamegeka. Ikizama kama kwenye sabuni, makali yatajikunja kwenye fundo la kwanza. Inatakiwa iume kidogo huku ikilalamika.

Kimoja kiliuma hivyo. Hakikuwa na rangi. Kilikuwa kimefuliwa na mhunzi kutokana na springi ya lori, na alama za nyundo bado zilionekana mashavuni mwake.

"Hiyo?" mwanamke akashangaa. "Muzee, unaacha mabinti wazuri, unachukua uyu mwenye ndui!"

"Mzuri nimeshaoa," nikamwambia. Alicheka hadi akasahau kunibana bei.

Shoka la zamani, lile lililomvunja mguu, lilikuwa letu sote wawili, mimi na shemeji. Mimi nilikuwa seremala mjini, nikitengeneza vitanda na milango. Yeye alikuwa mkulima wa viazi, lakini kuanzia Bugeshi hadi Kanama alijulikana kwa mipini yake. Mtu akinunua jembe, alipanda kwake kwanza. Alichonga kwa panga na kipande cha chupa tu, na mpini wake ukiushika ulihisi kwamba kuna mtu alikuwa amekupima kiganja ukiwa usingizini. Mpini wa shoka letu aliuchonga kwa mti tunaouita umusave, akaukausha juu ya moshi wa jiko msimu mzima. Shoka lilikaa kwangu.

Siku moja tulipatana kuangusha mkaratusi kwake ili nipate mbao za milango. Alinikumbusha mapema: "Kichwa kimeanza kucheza. Kabari imechoka. Tia ingine." Kuchonga kabari ya mti mgumu ni kazi ya nusu saa. Mimi nilikuwa na mteja, halafu nikawa na chai, halafu nikawa na uvivu. Jioni nikafanya kile ambacho karibu kila mtu wa mjini kwetu mwenye jembe lililolegea amewahi kukifanya: nililifunga shoka kwa kamba kwenye jiwe, nikalilaza ziwani kwenye maji ya kina kifupi, nikaliacha hadi asubuhi. Mti ulikunywa maji, ukavimba, na nilipolitoa kichwa kilikuwa kimekaza kama kimeunganishwa kwa moto. Nilijisifu njia nzima.

Nilisoma sekondari. Nilifundishwa kwamba mti hunywa na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa kuliko mwanzo, na niliandika hivyo daftarini kwa mwandiko mzuri. Tena nilikuwa seremala. Sina pa kujificha.

Juu kule upepo ni mkavu na jua la saa sita halina mzaha. Tulikuwa tumefika nusu ya shina. Shemeji alikuwa ameketi nyuma yangu, mbali kiasi, akinoa panga la kupunguzia matawi na kunikebehi kwamba nakata kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Nilirusha shoka nyuma ili nipate nguvu ya kumjibu, na mpini ukarudi mbele peke yake, mwepesi kama fimbo. Kichwa cha shoka kilimpata chini ya goti kwa kisogo chake, upande usio na makali. Kingempata kwa makali, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Nilimbeba mgongoni hadi barabarani. Njiani, meno yakigongana, aliniambia sikioni: "Nisamehe, muramu. Mupini yangu ilikuwa mubichi. Sikuikausha muzuri."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Kisha nikaufunga, na nikaongeza mwendo.

Mfupa uliunga, lakini uliunga upande. Tangu hapo anatembea kama mtu anayeshuka ngazi moja ambayo wengine hawaioni. Na tangu hapo hakuchonga mpini mwingine. Watu walipanda kwake wakarudi mikono mitupu, hadi wakaacha kupanda.

Mke wangu nilimwambia mwaka ule ule. Siku ya tatu alisema, "Yeye ni kaka yangu na wewe ni mume wangu. Mimi sitamwambia. Lakini kila nikimwona anatembea, nitakutazama wewe." Na amefanya hivyo kwa uaminifu, kwenye harusi na kwenye misiba, kwenye Idi ya kwetu anaposhuka kula pilau na kwenye Krismasi ya kwao tunapopanda. Shemeji anavuka ua, na mke wangu ananigeuzia macho, bila hasira, kama mtu anayeangalia saa.

Basi nilirudi nyumbani na kichwa changu chenye ndui, na kwa wiki nzima nikakishughulikia. Nilipunguza mashavu kwa tupa kidogo kidogo, yasiwe manene yakagoma kuzama, wala membamba yakanaswa ndani ya mti. Makali niliyamaliza kwa kinoo na maji, sikuyapeleka kwa vijana wa mashine ya umeme barabarani, kwa sababu mashine hukichoma chuma hadi kikageuka buluu, na chuma cha buluu kimekwisha kufa. Mpini nilinunua kwa fundi mmoja. Nilichagua ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka juu hadi chini bila kutokea pembeni. Niliukwangua vanishi kwa kipande cha chupa, kama alivyokuwa akifanya yeye, nikaupaka mawese mara tatu. Kabari nilichonga nne na kutupa tatu.

Mke wangu alisimama mlangoni na ndoo yake. "Unalinoa au unalifundisha kuongea?"

"Nataka liwe zuri."

"Ni zuri tangu juzi. Shoka halina mdomo, mzee. Mwenye mdomo ni wewe."

Nilipanda Bugeshi kwa pikipiki, shoka likiwa ndani ya gunia na makali yake nimeyavika ukanda wa tairi. Shemeji alikuwa ameketi kwenye gogo karibu na zizi. Mkaratusi ulikuwa kweli umeinama, na ng'ombe alikuwa amehamishiwa upande wa pili, anautazama kwa mashaka.

Shemeji alilipokea shoka kwa mikono miwili. Alilitazama tundu, akaligonga kwa kucha na kusikiliza, akapitisha dole gumba juu ya makali kama mtu anayempapasa mtoto kuona kama ana homa. Kisha akaushika mpini, akafumba macho.

"Nani alichonga?"

"Nimenunua."

"Iko muzuri," akasema polepole. "Iko muzuri kupita yangu. Hii haitaua mutu."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikaanza kusema kwamba kuna jambo lililokuwa likinielemea moyoni kwa muda mrefu, ambalo ningependa kumweleza kwa unyenyekevu…

"Yewe! Unaongea kama redio," akanikata. "Sema."

"Shoka lile. Usiku wa kuamkia siku ile nililitia ziwani."

Akanitazama. "Ziwani?"

"Sikutia kabari. Nilililaza ndani ya maji likavimba. Lilipokauka huku juu, likatoka."

"Saa ngapi uliitosa?"

"Jioni. Hadi asubuhi."

Aliangalia pembeni, midomo ikisogea. Nilidhani anasali, kumbe alikuwa anapiga hesabu ya mti: usiku mzima wa maji, nusu siku ya upepo. Alipomaliza hesabu yake alivuta pumzi.

"Donc, kumbe mupini yangu haikuwa mubichi."

"Haikuwa mbichi."

"Ilikauka muzuri."

"Ilikauka vizuri kabisa, shemeji."

Ng'ombe alihema. Shemeji aliweka shoka magotini na kutandaza viganja vyake juu yake.

"Muguu si kitu," akasema. "Muguu nilikusamehe ukinibeba, ulikuwa unahema kama punda, nikakuonea huruma. Lakini hii mikono! Batu walikuja hapa, mi nawaambia hapana, mikono yangu inaua. Mutoto yangu alienda kuposa, jembe ya posa nikanunua mupini ya soko. Mi! Nikaona haya mbele ya wakwe, wanageuza ile mupini wananiangalia. Na we ulikuwa pale, muramu. Ulikula nyama."

Nilikuwapo. Nilikula nyama. Kwetu jembe lina nafasi yake katika posa, na baba aliyesifiwa vilima vyote kwa mipini alisimama na mpini wa kununua, nami nikamsogezea kiti ili nionekane shemeji mwema. Hilo sikuwa nimelihesabu kamwe. Miaka yote nilihesabu mguu tu.

"Sina la kusema," nikamwambia.

"Sasa njo umesema muzuri."

Akanyoosha mkono. "Nipe ile nyundo iko pale kwa zizi." Nikampa. Akageuza shoka, akaweka kipande cha chuma chini ya tundu, na kwa mapigo matano akaitoa kabari yangu, kisha akaung'oa mpini wangu wote, ule wa nyuzi zilizonyooka na mawese mara tatu, akautupa kwenye rundo la kuni. Wiki yangu nzima ililala pale kati ya vijiti vya kupikia maharagwe. Kichwa alikiinua tena kwenye mwanga.

"Kichwa ulichagua muzuri," akasema. "Mupini ni kazi yangu. Enda Kanama, unitafutie umusave. Ya mulimani, haiko ile ya bondeni inakunywa maji mingi. Kata we mwenyewe, usitume mutu."

"Na mti huu?"

"Muti umengoja. We pia utangoja."

Nilikwenda Kanama kesho yake. Mwenye shamba la migomba lenye umusave alinionyesha matawi manne na nikayakataa yote. Tawi la tano nililikata mwenyewe, na nilipanda nalo Bugeshi nikiwa nimelikumbatia juu ya pikipiki, dereva akilalamika kwamba linamchoma mbavu. Shemeji alilikagua kwa muda mrefu kuliko alivyolikagua shoka. Mke wangu, aliyekuja safari hiyo kwa pikipiki nyingine, alikuwa amesimama karibu na jiko.

"Ulileta moja tu?" shemeji akauliza.

"Shoka ni moja."

"Shoka iko moja. Majembe ya batu je? Jirani wa hapa chini mupini yake imevunjika tangu Jumapili, nimeshamuambia akuje." Akaniangalia kama mwalimu anayengoja jibu. "Rudi. Leta sita."

Akainuka na tawi lile mkononi, akavuka ua kwa mwendo wake wa kushuka ngazi, akaenda kulining'iniza juu ya moshi. Niligeuka kumtazama mke wangu, kwa mazoea. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mikono ya kaka yake, inayofunga kamba.

Mkaratusi bado umeinama. Tumeuegemeza kwa nguzo mbili. Matawi saba yako juu ya jiko. Kila juma nampigia simu kuuliza kama yamekauka, na kila juma ananijibu, "Bado. We njo uko na haraka siku zote, muramu," kisha ananieleza rangi ya matawi imefikia wapi.