Waya Wenye Meno Pande Mbili

Nilirudi Kariakoo wiki moja baada ya arobaini ya bibi, si kabla. Wewe unayenijua hutashangaa. Nilikaa kwenye korido ya nyumba yake nikisubiri huzuni ije, kama watu walivyoniahidi. Haikuja. Kilichokuja ni umeme kukatika. Ilikuwa saa moja jioni, mvua ya masika inapiga mabati, na kabla sijasimama kutafuta kibiriti nikasikia injini inakohoa uani kwa jirani. Mara ya pili ikashika. Nikainua macho nikaitazama taa ya bibi juu ya kichwa changu. Haikuwaka.

Nikavuka, nikapiga hodi. Jirani wa zamani, mwenye duka, alikwisha kufa. Siku hizi yuko mwanawe, niliyecheza naye gololi. Akanionyesha swichi ukutani yenye mkono mmoja. Ukiusukuma juu, nyumba inapata umeme wa mjini. Ukiuvuta chini, inapata umeme wa jenereta. Vyote viwili kwa pamoja haiwezekani.

"Hata mjinga akitaka kuvichanganya, hawezi," akasema kwa fahari.

Nikamwambia ni kifaa kizuri. Nikarudi gizani kwangu, na nikiwa nimekaa pale nikaanza kukumbuka, si kwa kutaka.

Siku zile, kabla ya hii vita kuu ya Wazungu iliyokwisha juzi, mtaani kwetu nyumba tatu tu ndizo zilikuwa na umeme: ya jirani yetu Mwarabu mwenye duka, ya mshona nguo wa kona, na yetu. Yetu haikuwa ya kitajiri. Ilikuwa ya udongo na miti kama nyingine, vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko. Tulipata umeme kwa sababu chumba cha mbele alikipanga fundi wa nguzo, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Ndiye aliyemwombea bibi waya kutoka nguzoni na kumfungia taa moja pale koridoni. Kabla ya hapo kazi yangu ya kila jioni ilikuwa kusugua kioo cha kandili kwa jivu na kitambaa, na kila nilipokivunja nilipigwa. Kwa hiyo nilimpenda mpangaji wetu kwa sababu za wazi kabisa.

Mwezi wa Ramadhani ndio ninaoukumbuka zaidi. Mchana mtaa ulilala. Ikifika alasiri ulianza kunuka: mihogo ya nazi, kunde, tambi zinazokaangwa, uji wa pilipili manga. Muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, si kwa kuuza bado, bali kutukumbusha. Mpangaji wetu alikuwa Mkristo, hafungi, lakini hakula mpaka sisi tule.

"Mchaga, kula," bibi alimwambia. "Njaa hii haikuhusu."

"Bibi, nikila peke yangu chakula kinanitazama."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa akimtania kila siku na yeye akimrudishia, na sahani yake ilikuwa ya kwanza kufunikwa kawa.

Ramadhani moja mwenye duka alinunua injini ya taa. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akionyesha picha za sinema kwenye shuka pale Mnazi Mmoja. Umeme wa mjini ulikuwa ukikatika mara kwa mara, na jioni ya Ramadhani ndipo duka lake lilipojaa. Wachukuzi wawili waliileta kwa mkokoteni, wakaiweka uani kwake, na mtaa mzima ukaenda kuitazama. Mpangaji wetu naye alikwenda. Akauokota waya uliokuja nayo, akaugeuza mkononi.

"Waya gani huu, sheikh wangu? Una meno kichwani na mkiani."

"Kichwa nachomeka kwenye injini, mkia nachomeka pale ukutani dukani. Nyumba nzima inawaka. Ndivyo alivyonifundisha aliyeniuzia."

"Nyumba inawaka, kweli. Lakini umeme hauishii nyumbani kwako. Usiposhusha swichi kubwa ile ya mlangoni, unatoka nje, unapanda nguzoni. Na nguzoni ndiko ninakokaa mimi."

"Basi nitaishusha."

"Kwanza swichi, halafu waya, halafu injini. Sema."

"Kwanza swichi, halafu waya, halafu injini," mwenye duka akakariri kama mtoto wa chuo cha Kurani, na sote tukacheka.

Umeme ulipokatika mara ya kwanza alifanya hivyo hivyo. Nyumba yake ikawaka peke yake kama meli. Sisi tukabaki barazani gizani, bibi na mshona nguo na mimi, tukiitazama.

Sasa lazima nikueleze jambo moja. Kwetu moto haukunyimwa. Alfajiri mwanamke wa kwanza kuwasha jiko alijua wenzake watakuja na vifuu vya nazi kuchukua kaa. Hakuna aliyesema asante kwa kaa la moto, kama vile usivyosema asante kwa njia. Kwa hiyo bibi hakuwa na ubaya alipopaza sauti:

"Jirani! Siku hizi mwanga unatiwa kufuli?"

"Mwache, bibi," mshona nguo akadakia. "Anaogopa tutaumaliza."

Mwenye duka alicheka, lakini nilimwona uso. Mwarabu wa duka, mwezi wa Ramadhani, anaitwa bahili mbele ya wateja. Mpangaji wetu angekuwepo angewaeleza. Hakuwepo, alikuwa kazini.

Siku kumi baadaye dhoruba ya alasiri iliangusha tawi la mwarobaini juu ya waya pale kona, nyuma ya nyumba ya mshona nguo. Taa zikazimika. Mpangaji wetu akapita mlangoni na ngazi begani na kamba kiunoni, hakuingia hata kunywa maji.

"Kabla ya adhana zitawaka, bibi."

"Inshallah. Uji wako nakuwekea."

Mimi nilikuwa koridoni juu ya mbuzi, nakuna nazi. Nikasikia injini ya jirani inakohoa, inashika. Kisha taa iliyokuwa juu yangu ikawaka. Haikuwaka vizuri, ilikuwa nyekundu nyekundu, kama kaa. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaleta! Mchaga kaleta kabla ya adhana!"

Nje watoto wakaimba, "Umeme huooo!" Mshona nguo akapiga makofi. Nami nikawaza, nakumbuka wazi kwamba niliwaza: kama umeme wa mjini umerudi, mbona injini haijazimwa? Nikaendelea kukuna nazi. Kisha ukatoka ukelele kule kona, mmoja tu, halafu sauti nyingi, "Zima! Zima we!" Taa ikafa.

Walimteremsha kwa kamba yake mwenyewe. Alikuwa hai. Wakampakia kwenye mkokoteni, ule ule wa wachukuzi, wakampeleka hospitali. Kisha adhana ikaita, nasi tukafuturu. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuulizwa tulifanya nini. Tulifuturu. Uji wake ulikaa chini ya kawa mpaka ukaganda.

Asubuhi mwenye duka alikuja kwa bibi analia, kanzu haijapigwa pasi.

"Mama, wallahi, swichi niliiacha juu makusudi. Nilitaka na nyinyi mpate."

"Najua, mwanangu," bibi akasema. Na alijua, kwani yeye ndiye aliyetaka.

Habari zilikuwa zimefika kwamba mkubwa wa umeme, Mzungu, anakuja kuuliza. Majirani wakaikokota ile injini kupitia uani, wakaiingiza mahali ambapo hakuna mtu angetafuta: chumbani kwa mpangaji wetu. Ufunguo alikuwa nao bibi.

Mzungu alikuja na karani wa kumtafsiria. Walipita nyumba zote tatu na swali moja: jioni ile, kabla ya ajali, kuna taa iliyowaka? Mshona nguo akasema hapana. Mwenye duka akasema hapana. Bibi, amefunga, tasbihi mkononi, akasema, "Tulikuwa gizani, bwana. Tumefuturu gizani." Mimi sikuulizwa.

Kule hospitali mpangaji wetu alisema alitoa fyuzi kwenye nguzo ya kona, akaupima waya, ukawa umekufa, ndipo akaushika. Ikaandikwa kwamba hakuupima. Waya uliokufa haumchomi mtu. Akafukuzwa kazi.

Alirudi baada ya Idi kuchukua vitu vyake. Mkono wa kulia ulikuwa umekunja vidole, hauna hisia. Alikuwa akiubeba kama kitu cha mtu mwingine. Akafungua mlango wa chumba, akasimama, akavuta pumzi puani. Injini ilikwisha kuondolewa, lakini harufu ya petroli ilibaki, na sakafuni palikuwa na duara jeusi la oili. Alilitazama muda mrefu. Akanigeukia mimi niliyekuwa koridoni.

"Ile jioni, taa hii iliwaka?"

Jikoni sufuria zikanyamaza. Bibi hakutokeza, ila nilijua anasikiliza.

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa nakuna nazi."

"Haya," akasema.

Akafunga sanduku lake kwa mkono wa kushoto na meno. Bibi akamfungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa, naye akaupokea, akamwambia shikamoo kama kawaida, akaenda stesheni. Hatukusikia habari zake tena. Taa hakuing'oa.

Watu wa rika langu wananieleza Kariakoo ile kama vile sikuishi humo. Watu walipendana, wanasema. Moto ulikuwa wa wote. Ni kweli, vifuu vya makaa nilivibeba mwenyewe, na siku hizi hakuna anayeazima hata kibiriti. Lakini ninapouliza mpangaji wetu alikuwa ndani ya hao wote au nje, wananiambia shule imeniharibu. Huenda. Chuoni niliuliza kila kitu. Niliwauliza mapadri, masheikh, na walimu waliovaa joho. Nimekuwa hodari wa kuuliza. Swali nililopaswa kulijibu lilikuwa moja, na lilihitaji neno moja.

Jioni ile mvua ilipungua. Dirisha la jirani lilikuwa linang'aa, na mwanga wake ulibaki ndani kwake, kama inavyotakiwa. Niliutazama mlango wa chumba cha mbele, umefungwa, hauna mpangaji.

"Ndiyo," nikasema kwa sauti. "Iliwaka."

Injini ya jirani ikaendelea kunguruma.