Siku Ugali wa Mama Ulipofika Mahakamani

Wiki iliyopita, kwenye kundi la simu la tuliosoma pamoja shule ya msingi, mtu katuma picha ya masuku, yale matunda ya porini ya kwetu, yamejaa bakuli. Kundi likachemka. Jamani Songea yetu! Jamani enzi zile! Mmoja akaandika kwamba zamani kulikuwa na upendo, mtaa mzima ulikuwa ndugu, mwenye shida hakuachwa peke yake. Wenzake wakammwagia mioyo myekundu. Mimi nikaizima simu, nikaenda kuosha vyombo, na niliviosha kwa hasira mpaka kikombe kikang'oka mkono.

Si kwamba masuku siyakumbuki, rafiki yangu. Nayakumbuka vizuri, tulivyokuwa tukiyaokota chini ya miti karibu na msimu wa mvua, vidole vinanata, tunarudi nyumbani hatuna njaa na mama anagomba. Nakumbuka baridi ya mwezi wa sita mtaani kwetu Bombambili, moshi wa asubuhi uliokataa kupanda juu, na mashine ya kusaga iliyoanza kulia kabla ya jogoo wa mwisho. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za kunukia, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na sisi watoto tukaona kama dunia imefunguliwa mlango. Watu wazima nao walikuwa wanapunguzwa kazini, ila hilo hatukulijua.

Mama alikuwa anauza maandazi karibu na stendi. Jioni alirudi ananuka mafuta na iliki, anawasha jiko la mkaa nje ya chumba chetu cha kupanga, anasonga ugali wa kula na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Alikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo naisikia masikioni. Akisikia nyayo za mtu yeyote anayepita, hata hageuki kumtazama. Mkono uko kwenye mwiko, macho kwenye sufuria, anaita, "Karibu, tunakula!" Kwao Lusewa ndivyo alivyolelewa. Alituambia kwamba chakula ulichomficha mpita njia kitakukaba kooni. Kwa hiyo kwetu walikula wapagazi, walikula walimu wageni waliokuwa hawajapata mshahara, walikula watoto wa watu ambao mama zao walikuwa na chakula kingi kuliko sisi.

Baba yangu alikuwa karani wa ghala la mahindi. Nasema alikuwa, kwa sababu wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, ghala likafungwa na yeye akarudishwa nyumbani. Mtaa ulipenda kusema kwamba ndipo alipoanza kumpiga mama. Uongo. Alimpiga akiwa na kazi, na viatu vyake vinang'aa. Mama alipochoka, alibeba sufuria zake na sisi watoto wawili, akapanga chumba upande mwingine wa mtaa. Hawakuwa mtu na mkewe tena, vyombo vilishagawanywa na watoto tukapewa mama, mbele ya ndugu. Baba ndiye hakutaka kujua hivyo.

Jioni moja mama alikuwa anageuza ugali. Nyayo zikaja. "Karibu, tunakula!" akasema, kama kawaida yake, bila kugeuka.

Alikuwa yeye. Alimpokonya mwiko wenye ugali wa moto akampiga nao mdomoni. Sauti ya mwiko ule sitaki kukuelezea. Redio ya chumba cha pili ikapunguzwa, maana yake walikuwa wanasikiliza, na hakuna aliyetoka. Kisha baba yangu mzazi akakaa kwenye mkeka akasema, "Nipakulie." Mama akampakulia, kanga ameibana mdomoni inalowa damu. Akala, akamaliza, akanawa, akaondoka. Mimi na mdogo wangu tulilala na maandazi yaliyobaki ya asubuhi.

Kesho yake tukaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Alitupokea vizuri, viti tukapewa, na mdomo wa mama uliovimba aliuona.

"Alikula?" akauliza.

"Alikula."

"Na wewe ndiye uliyemkaribisha?"

Mama hakujua kusema uongo. "Nilimkaribisha, lakini sikujua kuwa ni yeye."

"Basi mama, mmeshapatana. Mtu hali chakula cha adui yake. Mwenzio kapunguzwa kazi, ana mawazo, mvumilie kidogo."

Huo ndio ulikuwa upendo wa zamani, ndugu zangu wa kundi la simu.

Aliyetusaidia hakuwa hata mtu wa ukoo. Alikuwa jirani yetu muuza mitumba, Mwislamu wa Tunduru, ambaye watu walimsema kwamba ana mdomo mrefu. Aliusikia ule ushauri wa balozi akacheka kicheko kibaya. "Mvumilivu hula mbivu, ndiyo, lakini maiti haili. Wallahi, dada yangu, twende mahakama ya mwanzo. Huendi kudai talaka wala matunzo. Unakwenda kumwomba hakimu amkataze huyo bwana asikanyage hapa, akikanyaga afungwe. Hilo tu." Akafunga marobota yake ya nguo, akatusindikiza mwenyewe, na siku ya shauri akatusindikiza tena.

Hakimu alikuwa kijana mgeni, mtu wa Kanda ya Ziwa. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza, wale wanaomshauri kwa mila za mahali. Mmoja alikuwa mwanamume aliyevaa koti la sufu kwenye jua, mwingine bibi aliyekuwa kama anasinzia. Baba alikuja na kaunda suti yake ya kazini. Hakukana hata kumpiga. Alisema tu, kwa adabu, "Mheshimiwa, alinikaribisha mwenyewe na akanipikia. Muulizeni."

Wakamuuliza. Mama alishakula kiapo kwa Biblia, akajibu, "Ndiyo." Watu nyuma wakacheka. Mzee wa koti akakohoa akasema kwamba kwa mila yetu, mwanamke akimpakulia chakula mwanamume aliyegombana naye, na mwanamume akala, shauri limekufa. Hakimu akaanza kuandika. Jirani yetu akasimama bila kuruhusiwa, akasema, "Mtoto alikuwepo! Muulizeni mtoto!" Akaambiwa akae, atatolewa nje. Lakini hakimu akainua kichwa akaniangalia.

Nikasimama mbele, miguu peku kwenye sakafu ya saruji. Nikasema shikamooni. Hakimu akaniuliza kama najua maana ya kusema kweli. Nikasema najua. Akaniuliza baba alikula nini.

"Ugali na usipa."

Wakacheka tena. Ndipo yule bibi akafungua macho. Kumbe hakuwa amelala.

"Mjukuu wangu, walikula pamoja?"

"Hapana. Alikula peke yake."

"Mkono wa mama yako uliingia kwenye sahani?"

"Haukuingia. Alikuwa ameshika mdomo, unatoka damu. Na sisi hatukula. Alimaliza vyote."

Bibi akamgeukia mwenzake wa koti. "Kupatana ni mikono miwili kwenye sahani moja, na wewe unalijua hilo. Huyu hakupatana na mtu. Huyu alikula tu."

Hakimu akafuta alichokiandika. Baba akakatazwa kukanyaga kwetu na kusogea kwenye meza ya maandazi, akatakiwa kuleta mdhamini, na akaambiwa kwamba akivunja amri atakwenda gerezani. Haukupita muda mrefu akafuata mawe ya thamani Tunduru kama wanaume wengine wengi. Hakutugusa tena. Jirani yetu alimbeba mama juujuu pale nje ya mahakama, na kanga ya mama ikadondoka.

Nilifurahi siku ile. Hasira ilikuja nilipokuwa mtu mzima na kuelewa vizuri. Mdomo ulikuwa umechanika mbele yao wote. Balozi aliuona, mzee wa koti aliuona, hakimu aliuona, na hakuna aliyeuliza habari zake. Waliuliza habari za ugali. Kama mama angeingiza mkono kwenye ile sahani kwa hofu, hata tonge moja, wangemrudisha kwa yule mtu wamwangalie akiuawa polepole. Nawashukuru? Yule bibi, namshukuru. Wengine siwezi, hata padri akiniamuru.

Bombambili ya siku hizi huitambui. Nyumba yetu ya kupanga imevunjwa, yamejengwa maduka ya simu, na sijaona jiko la mkaa nje ya mlango wa mtu. Lakini kilichokwenda kabla ya vyote hivyo ni sauti ya mama. Kuanzia siku ya mahakama alihamishia jiko ndani. Akisikia nyayo, alinyamaza, na sisi tulijifunza kunyamaza. Tulikula mlango umekomewa, moshi unatuchoma macho, na akaendelea hivyo hata nilipomjengea nyumba yenye uzio, hata habari za kifo cha baba zilipofika. Neno "karibu" sikulisikia tena kinywani mwake.

Alifariki mwaka juzi. Msibani nilikuwa nawagawia watu chakula, nikafika kwa mama mmoja tuliyepanga naye nyumba moja miaka ile. Alikuwa anawaambia wenzake, "Marehemu alikuwa mtu mzuri, tusimseme vibaya. Ila kwenye chakula, alikuwa mkono wa birika." Wenzake wakaguna kukubali, huku wanatafuna.

Sahani niliyoshika ilikuwa ya kumpa yeye. Nikageuka, nikairudisha jikoni.