Hapana Tisa za Mzee Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vilivyonizidi namba moja, nikaingia ofisi ya bima pale Maswa nikiburuza miguu. Mkuu wa Ofisi alivitazama viatu, akanitazama usoni, kisha akanipa fomu ya maombi, yaani ile karatasi ya maswali ambayo mteja huijibu kabla ya kukatiwa bima. Akaniambia nijifunze kuuliza maswali yale bila kumtisha mtu na bila kumwonea haya. Nilidhani ananitania.

Maswa tulikatia bima malori ya pamba na mitambo ya kuchambulia. Lori halina aibu. Ukiuliza breki, dereva anakujibu mbovu, nawe unaandika mbovu. Baadaye nikahamishiwa Kalemela, kwenye mitumbwi na injini za wavuvi, chini ya Msimamizi wa Kanda aliyeogopa maji hata ya goti. Kila ukaguzi wa mtumbwi alinituma mimi, yeye akabaki nchi kavu ameshika kalamu.

Bariadi nilifika mji ulipokuwa umeshakuwa makao ya mkoa. Meneja wa Tawi alikuwa mama mmoja mkali, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na hakuna fomu iliyotoka ofisini kabla hajaisoma yote. Hapo ndipo nilipokabidhiwa bima ya safari.

Ninyi vijana mnanunua bima kwa simu huku mmelala kitandani, wala siwalaumu. Ila someni. Watu walikuja kwangu wakiogopa simba, na katika miaka yangu yote sikuwahi kushughulikia dai la simba hata moja. Nilishughulikia vifundo vya miguu vilivyoteguka, matumbo ya kuharisha, presha, na gari lililopinduka kwenye tope. Hatari ya mbugani ni umbali. Kwa hiyo anza kutafuta kipengele cha uokoaji wa dharura, yaani ndege ya kumtoa mgonjwa porini mpaka hospitali kubwa. Kisha tafuta wanasemaje kuhusu ugonjwa uliokuwepo, maana yake ugonjwa ulionao kabla ya kukata bima. Ukiutaja, unaweza kupata bima inayoubeba. Ukiuficha, siku ukikuangusha ile karatasi haina kazi.

Haya yote niliyajua vizuri, na bado nikakosea.

Alikuja Kulwa, binti wa Nkololo anayefanya kazi ng'ambo, pamoja na wazazi wake, Mzee Masanja na Mama Limi. Kesho yake alikuwa anawapeleka Serengeti kwa siku nne. Mkononi alikuwa na bima aliyoiona mtandaoni, inayolipia mabegi yaliyopotea na ndege iliyochelewa. Begi la mzee lilikuwa mfuko wa kitambaa, na ndege yenyewe hawapandi. Nikamwonyesha bima inayofaa, akakubali, nikaanza kumuuliza mzee maswali ya afya.

Nilimuuliza kwa Kisukuma, nimeinamisha kichwa kama ninavyomuuliza baba yangu. Je, presha? Akajibu, "Mhola." Je, moyo? "Mhola, ng'wanawane." Ng'wanawane ni mwanangu, na mhola ni kuzuri, ni amani. Ndilo jibu la salamu kwetu, na hata anayejishikilia ukutani kwa homa hulitoa. Maswali yalikuwa tisa, naye akayajibu hivyo yote, nami nikaandika hapana tisa. Wakati wa kuondoka nilimwona Mama Limi akifungua upindo wa kanga na kumpa mumewe kidonge, akigeuka ili Kulwa asione. Nilikiona kabisa. Lakini utamuulizaje mzee habari za mwili wake mbele ya mtoto wake? Nikanyamaza.

Meneja aliisoma fomu akiwa amesimama.

"Mzee wa miaka sabini na nne hajawahi kuugua hata kichwa," alisema. "Mama, ulimuuliza, au ulimsalimia?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikachukua bodaboda mchana uleule kwenda Nkololo.

Kulwa alikuwa ametoka na mama yake kwa shangazi. Mzee alikuwa zizini anamtazama ng'ombe mmoja mzee. Tukasalimiana kwa kirefu, mvua, pamba, watoto, na kila nilipotaka kuuliza ulimi uligoma. Mwishowe nikamshika yule ng'ombe mgongoni.

"Baba, ungekuwa unaniuzia huyu, ungeniambia kama anachoka?"

"Lazima nikwambie. Akikulalia njiani utafanyaje?"

Alielewa, na alijua kwamba nimeelewa kuwa ameelewa.

"Kutoka kisimani hadi hapa nasimama mara tatu," akasema, bado anamtazama ng'ombe. "Kifua kinabana. Daktari alisema ni moyo. Andika. Lakini usimsomee Kulwa. Mtoto amelimbikiza likizo miaka minne kwa ajili yetu. Akijua naumwa, hatutakwenda. Nimezaliwa jirani na nyumbu wale, sijawahi kuwatazama nikiwa nimekaa kitini na mwanangu pembeni."

Nilitaka kulia pale zizini. Nikamwambia kwamba siri ya mteja ni ya mteja, sitaisoma kwa mtu, lakini bila barua ya daktari sitasaini. Asubuhi daktari akampima, akamruhusu kwa masharti: asitembee sana, asiruke dawa. Fomu mpya ikaandikwa, safari hii ikiwa na ndiyo mbili, ya moyo na ya presha, na bima ikabadilishwa iwe inayobeba ugonjwa uliokuwepo. Kulwa aliambiwa karatasi zilikuwa hazijakamilika, jambo ambalo ni kweli. Wakaondoka saa sita badala ya alfajiri, yeye amenuna.

Siku ya pili mzee akabanwa kifua mbugani. Kulwa alipiga namba ya dharura iliyoandikwa juu ya hati. Mpokeaji simu akamuuliza dawa za moyo za mgonjwa ziko wapi. Kulwa akamjibu kwamba baba yake hana ugonjwa wa moyo. Yule akamwambia hapa imeandikwa anao. Ndipo Mama Limi alipofungua upindo wa kanga, mbele ya mwanawe. Ndege ikatua kwenye uwanja mdogo wa mbugani, na jioni ile mzee alikuwa kitandani hospitalini Mwanza, anahema vizuri.

Kulwa alikuja ofisini baada ya wiki. Nilitegemea shukrani, nikakuta macho mekundu.

"Mama, karatasi yako ilimjua baba yangu kuliko mimi."

Nilimshika mkono tu, na iliniuma, inaniuma hata leo, kwa sababu siri ile niliitunza kama kazi inavyotaka na bado nilimwona mtoto ameumia.

Baba yake alikuwa nje, kwenye benchi. Nikatoka kumwamkia, nikamuuliza kama kawaida, mhola? Mzee akamtazama binti yake kwanza.

"Kifua leo ni chepesi," akasema. "Magoti ndiyo yananisumbua."

Kulwa akaketi karibu naye, akayashika magoti yale, akaanza kuuliza tangu lini.

Sasa nimestaafu. Nina kuku, nina bustani ya mchicha, na mwanangu wa Dar hunipigia kila Jumapili baada ya ibada. Mwezi uliopita daktari aliniambia nina sukari. Jumapili iliyofuata simu ikaita, mwanangu akauliza, "Mhola, mayu?" yaani, kuzuri, mama? Nikamjibu mhola, tukazungumza habari za kuku, tukaagana.

Nikabaki nimeishika simu. Miaka yote ile ya kuwafundisha watu kujaza fomu, na mimi naandika hapana.

Nikampigia tena. Alipopokea, akashtuka, akauliza kuna nini.

"Keti kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Niulize tena."